Kupamba Chumba Kimoja: Somo Tunalolirudia



Somo hili tulishalifundisha mara moja, na tulilifundisha vibaya. Ndiyo maana tunalirudia. Tunaomba mlisome pamoja kikundini, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza, halafu mjadiliane.

Ilikuwa hivi. Mwenzetu mmoja anakodi chumba nyuma ya soko, kwenye ploti yenye vyumba vilivyoshikana kama meno. Chumba chake ni cha futi 10 kwa 10, yaani karibu mita 3 kila upande. Kuta ni za mabati, sakafu ni ya simiti, dirisha ni moja na ni dogo. Yeye na watoto wake wawili wanalala humo, wanapika humo, na wageni wanakaribishwa humo humo. Alituambia anaona haya kualika kikundi kwake. Sisi tukasema, hilo si jambo, tutakuja tupambe.

Tulifika asubuhi na mapema. Tulipika uji mzito wa unga wa ngano, tukabandika kurasa za magazeti na kalenda kuukuu kwenye kuta zote nne. Tukafunga shuka jeupe chini ya paa liwe kama dari. Tukapigilia kitambaa kizito dirishani ili wapita njia wasichungulie. Saa tisa alasiri tulipiga vigelegele. Hatutasema uongo, kilipendeza.

Wiki ya tatu stima ilipotea usiku. Mwenzetu akawasha koroboi, akaiweka juu ya sanduku karibu na ukuta, akageuka kuchukua sahani. Ule moto mdogo uligusa ncha moja ya karatasi iliyokuwa imebanduka. Karatasi ilipeleka moto juu, ukafika kwenye shuka, na shuka likaanza kudondoka vipande vya moto juu ya kitanda. Aliwatoa watoto. Hakutoa kitu kingine. Godoro, nguo, vitabu vya shule na cherehani aliyokuwa bado analipia kikundini, vyote viliisha. Majirani walizima kwa ndoo za maji na mchanga, maana kati ya chumba kimoja na kingine kuna bati moja tu.

Mwenye nyumba alipofika aliangalia mabaki ya ukuta, akauliza, "Mama, ni nani aliwaambia mbandike karatasi kwenye nyumba yangu?" Tulikuwa tumesimama hapo hapo. Tulinyamaza.

Kikundi kilichanga, godoro likanunuliwa, na deni la cherehani tulilifuta. Lakini ukweli ni kwamba koroboi hiyo angeiwasha hata kama tusingepamba. Sisi ndio tulioipangia kuni ukutani.

Kwa nini vikundi vya kijijini vijifunze habari ya vyumba vya kukodi? Kwa sababu watoto wetu wako huko. Binti akipata kazi mjini, kijana akienda chuo cha ufundi, mwalimu mgeni akitumwa shule yetu, wote wanaanzia kwa chumba kimoja. Na hata hapa sokoni kwetu vyumba hivyo vimejaa. Tena vitu tutakavyotaja hapa vinaweza kutengenezwa kijijini na kuuzwa.

Anzeni na moto na hewa

Kabla ya kufikiria rangi au pazia, ingieni chumbani na mulize maswali mawili tu: moto unakaa wapi, na hewa inaingilia wapi?

Chukueni chaki mchore duara sakafuni kuzunguka mahali pa jiko na mahali pa taa. Duara liwe la hatua moja kubwa ya mtu mzima kila upande, karibu mita 1. Ndani ya duara hilo kusiwe na nguo, karatasi, mkeka, gunia wala plastiki, chini wala ukutani wala juu. Katika chumba cha futi 10 mtaona duara limekula nafasi kubwa, na mtasikia watu wakilalamika. Msilipunguze. Afadhali kuhamisha jiko likae karibu na mlango. Ukuta wa nyuma ya jiko na ubaki mabati matupu au simiti tupu.

Habari ya makaa ni lazima tuiseme wazi. Jiko la makaa hutoa hewa yenye sumu ambayo haina harufu, haina rangi, wala moshi wake hauonekani. Mtu akiivuta chumba kikiwa kimefungwa, kichwa kinauma, anapata kizunguzungu, anatapika, mwili unalegea, na akiwa amelala anaweza kufa bila kuamka. Wengine hudhani jiko lile la bati na udongo, lililoanza kutengenezwa hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, halina hatari kwa sababu linatumia makaa machache. Ni kweli linaokoa makaa, lakini sumu hiyo bado ipo. Jiko liwashwe nje, lipikiwe mlango ukiwa wazi, na wakati wa kulala litolewe nje hata kama ni Julai na baridi inauma. Kijana aliyepata joto zuri kwa kuziba kila tundu la chumba chake kwa gunia amejitengenezea mtego.

Kwa hivyo dirisha lisipigiliwe kitu chochote. Kama shida ni watu kuchungulia, weka pazia fupi jepesi linalofunika nusu ya chini tu, likipita kwenye waya, ili mchana livutwe kando. Nusu ya juu iachwe wazi. Hewa na mwanga vinasaidia pia kupunguza kuenea kwa kifua kikuu, ambacho hupenda vyumba vya giza vilivyojaa watu.

Na koroboi? Tungependa vikundi viiache kabisa. Taa ndogo ya sola inaweza kununuliwa kwa mzunguko wa merry-go-round kama tunavyonunua sufuria, kila mwezi wanachama wawili au watatu. Mpaka hapo, koroboi au mshumaa usimame ndani ya karai au sahani pana ya bati, katikati ya duara lako, mahali ambapo mtoto hawezi kuvuta.

Toeni kabla ya kuongeza

Chumba kidogo kinaonekana kibaya zaidi kwa sababu ya vitu kuzidi kuliko kwa sababu ya umaskini. Mwenzetu alipokuwa akianza upya baada ya moto, aligundua kwamba chumba chake kilikuwa kimejaa vitu ambavyo hakuwa amevigusa kwa miaka miwili: mitungi mibovu, viatu vya mguu mmoja, redio iliyokufa.

Inueni kitanda. Tofali mbili chini ya kila mguu zinakupa nafasi ya kuweka sanduku la nguo, mtungi wa maji, viatu na hata gunia la mahindi. Pima tofali zisiyumbe, na mguu wa kitanda ukae katikati ya tofali. Halafu zungusha kitambaa kuficha vitu hivyo, kama kitanda hakiko karibu na lile duara.

Hapa tuseme neno moja kuhusu viti vya sofa. Vijana wengi wanapoanza maisha, kitu cha kwanza ni sofa ya kulipa pole pole. Sofa inajaza chumba hadi mtu anapita kiubavu, na miezi mitatu ikipita bila malipo inakuja kuchukuliwa mchana majirani wakiangalia. Sanduku la mbao lenye mto juu yake linakaliwa vizuri, na ndani unaweka blanketi. Huo ni mtazamo wetu. Asiyekubali na alete hoja kikundini.

Kuta

Kama kuta ni za udongo au za simiti, basi una bahati, kwa maana chokaa itakutosha. Chokaa haishiki moto, inaua ukungu, na inafanya chumba cha giza kiwe na mwanga. Nunua chokaa ya unga iliyokwisha kuzimwa, ile inayouzwa kwa mifuko kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Usitumie chokaa ya mawe ambayo haijazimwa, hiyo inachemka ikikutana na maji na inaunguza.

Kwa kilo 5 za chokaa, yeyusha kwanza kilo 1 ya chumvi kwenye lita 6 za maji. Kisha mimina chokaa polepole ndani ya maji huku ukikoroga kwa mti. Iache ilale usiku mmoja. Asubuhi ichuje kwa kitambaa chepesi, uongeze maji mpaka iwe kama maziwa mazito. Fagia ukuta, unyunyizie maji uwe na unyevu, halafu paka kwa brashi pana. Mara ya kwanza utadhani umetapeliwa, kwa sababu chokaa ikiwa mbichi ukuta unaonekana kupitia ndani yake. Ngoja ikauke, itakuwa nyeupe. Paka nyembamba mara mbili au tatu, maana ukipaka nzito mara moja itabanduka kama magamba. Haishiki juu ya rangi ya mafuta.

Chokaa ni kali kwa macho na ngozi. Vaa mikono mirefu, funga kitambaa kichwani, watoto wakae nje. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi bila kungoja, ndipo uende hospitali.

Wanaotaka rangi nyingine wasidharau udongo. Akina mama wa Kiluhya na Kijaluo wamepamba kuta kwa udongo wa rangi mbalimbali tangu zamani, na kazi hiyo ni ya kujivunia. Chimba udongo mwekundu, wa manjano au mweupe, ukaushe, uupondeponde na uuchekeche kwa kitambaa. Koroga kikombe 1 cha unga wa ngano katika vikombe 2 vya maji baridi mpaka madonge yaishe. Mimina kwenye kikombe 1 na nusu cha maji yanayochemka, ukikoroga mpaka iwe uji mzito unaong'aa. Epua, ongeza vikombe 2 vya maji ya kawaida, halafu tia kikombe 1 cha udongo uliochekechwa na nusu kikombe cha mchanga laini sana. Jaribu kwanza kipande kidogo cha ukuta. Rangi ikikauka na kutoka kwa mkono kama vumbi, uji ulikuwa kidogo. Rangi hii ni ya ndani tu, kwani mvua inaisafisha, na mahali penye unyevu huota ukungu. Sisi tunapenda kupaka chokaa juu na mkanda wa udongo mwekundu chini, kimo cha goti, ambapo watoto hushika kwa mikono michafu.

Kuta za mabati ni ngumu zaidi. Chokaa haishiki, na rangi ya kawaida hubanduka kama bati ni jipya na halikupakwa praima ya mabati kwanza. Osha bati kwa sabuni kuondoa mafuta, weka praima, kisha rangi nyeupe. Gharama ikiwa kubwa paka ukuta mmoja tu, ule unaopokea mwanga wa dirisha. Picha zako mbili au tatu zining'inie kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, mbali na duara. Karatasi za kubandika ukuta mzima, hapana. Mbali na moto, nyuma yake ndipo kunguni na kombamwiko wanapojenga mji wao, na kombamwiko hula ule uji wa ngano.

Kabla ya kupaka chochote, ongea na mwenye nyumba. "Mzee, tungependa kupaka chokaa kwa gharama yetu, unaonaje?" Wengi watakubali, na wengine hata watachangia brashi. Kama kuta zina rangi ya zamani ya mafuta inayobanduka, msiikwangue ikiwa kavu, maana rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto.

Zulia la matambara

Hii ndiyo kazi tunayoipenda kuliko zote. Haina gharama, inafanywa huku watu wakiongea, na inauzika. Simiti ni baridi, na mtoto anayetambaa anahitaji kitu chini.

Tafuteni fulana kuukuu za pamba, za nyumbani au zile za mitumba zinazouzwa kwa fungu kwa sababu zimetoboka. Mzifue kwa maji ya moto na kuzianika juani kwanza. Kata fulana kwa mzunguko, kuanzia chini kwenda kwapani, ukanda wa upana wa sentimita 4, kama vile unavyomenya chungwa bila kukata ganda. Fulana moja ya mtu mzima itakupa karibu mita 10 za ukanda. Ukivuta ukanda, kingo zinajikunja zenyewe na hazichanuki nyuzi.

Kuunga kanda hakuhitaji sindano. Toboa tundu dogo mwisho wa ukanda wa zamani, na tundu lingine mwisho wa ukanda mpya. Pitisha ule mwisho wa ukanda mpya wenye tundu ndani ya tundu la ukanda wa zamani. Sasa chukua mkia wa ukanda mpya, uupitishe ndani ya tundu lake wenyewe, uvute mpaka ukaze. Kata kanda zako tatu ziwe na urefu tofauti ili maungio yasikutane mahali pamoja na kufanya donge.

Suka kanda tatu kama nywele. Funga mwanzo kwenye mguu wa meza, au mwenzako akushikie. Msuko wa kawaida utakuwa na upana wa karibu sentimita 2 na nusu. Watu hutuuliza kila mara, "Nisuke kiasi gani?" Kwa zulia la duara la sentimita 90 unahitaji msuko wa karibu mita 25. Kwa kuwa kusuka kunakula urefu, andaa kanda za mita 100 kwa jumla, yaani fulana 10. Kama fulana hazijatosha usianze kushona, kwa sababu utakosa rangi ya kumalizia.

Kushona ndiko kunakoharibu mazulia mengi. Fanya kazi juu ya meza au sakafu tambarare, kamwe si mapajani. Viringisha msuko kama konokono, na kwa sindano kubwa ya magunia na uzi imara wa kushonea viatu, shika kitanzi kimoja cha msuko wa ndani na kimoja cha msuko wa nje. Zulia likianza kuinuka kingo kama sahani, unavuta sana na unashika vitanzi vingi mno vya nje. Legeza, na kwenye mzunguko ruka kitanzi kimoja cha nje mara kwa mara. Likianza kuyumba kama jani la sukuma wiki, umelegeza kupita kiasi. Usijidanganye kwamba litanyooka likikanyagwa. Fumua mizunguko miwili urudie. Zulia letu la kwanza tulikataa kulifumua, na sasa paka ndiye analalia, amepata bakuli lake.

Ukitaka la umbo la yai, toa upana kutoka kwa urefu. La sentimita 90 kwa 60 linaanza na msuko ulionyooka wa sentimita 30, halafu unazunguka huo. Ukikaribia mwisho, punguza upana wa kanda zote tatu kwa sentimita 30 za mwisho, usuke, na uufiche mkia chini ya mzunguko uliotangulia.

Msichanganye nailoni na pamba, maana nailoni ikiangukiwa na kaa inayeyuka na kushika ngozi. Na hata zulia la pamba lisiingie ndani ya duara.

Mkitaka kuuza, hesabuni saa. Sisi tulimaliza zulia la sentimita 90 kwa jioni sita. Mnunuzi sokoni atakwambia, "Mama, si haya ni matambara tu?" Mwonyeshe upande wa chini. Kazi safi inaonekana huko. Mkikubali bei ya matambara mara moja, mtabaki nayo.

Pazia la kugawa chumba

Wazazi na watoto wakubwa wakilala chumba kimoja, pazia si pambo tu, ni heshima. Jozi moja ya leso inatosha vizuri. Kila leso ina upana wa karibu mita 1 na nusu na kimo cha karibu mita 1. Shona moja juu ya nyingine, upate pazia la kimo cha mita 2 hivi. Kwa chumba cha mita 3 unahitaji jozi mbili. Angalia jina la leso lisije likasomeka miguu juu, hasa ile ya juu, wageni wanaisoma wakiwa wamekaa kimya wakingoja chai.

Kunja ukingo wa juu sentimita 5, ushone, upitishe waya au kamba ya katani. Funga kwenye mbao za paa. Msipigilie misumari kwenye mabati, maana tundu dogo la leo ni kutu na maji ya kesho. Pazia liishie shubiri moja kabla ya sakafu ili hewa ipite chini, na mchana livutwe lote upande mmoja.

Mwanga kutoka kwa paa

Vyumba vya katikati ya ploti huwa giza hata saa sita mchana. Mwaka wa 2002, fundi mmoja wa Brazil aitwaye Alfredo Moser aligundua njia rahisi ambayo sasa inatumika nchi nyingi. Chukua chupa ya plastiki ya lita 2 iliyo safi na isiyo na rangi, ijaze maji safi, utie vifuniko viwili vya dawa ya kung'arisha nguo ili maji yasiote ukijani. Tundu la kuenea chupa linakatwa kwenye bati, chupa inasimama nusu nje na nusu ndani, na pembeni inazibwa kwa gundi ya kuzuia maji. Jua likiwaka, maji hutawanya mwanga chumbani karibu kama balbu ya wati 40 hadi 60. Usiku haina kazi.

Tunawaonya. Hii inahitaji ruhusa ya mwenye nyumba na mtu anayejua paa. Tulijaribu moja tukaiziba kwa lami peke yake, na mvua za Aprili zilitupa jibu. Kama huna ruhusa, tundika kioo mkabala na dirisha. Hata kipande kidogo kinarudisha mwanga.

Vitu vidogo vidogo

Kreti za mbao za nyanya, zikipigwa msasa na kufungwa mbili mbili, ni rafu nzuri ya vyombo. Zisimame sakafuni, wala si kutundikwa kwenye bati. Jerikeni iliyokatwa juu inabeba sufuria au viazi, mradi haikuwahi kubeba dawa ya mifugo au ya mimea. Ukiona harufu usiyoijua, iache. Kiondo cha katani kilichochakaa mikanda kinatundikwa na kuwekewa vitunguu.

Zamani baadhi yetu tulifuma mikeka kwa mifuko ya plastiki. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko hiyo ya kubebea imepigwa marufuku Kenya, kwa hivyo wanaofundisha kazi hiyo katika vikundi waiache, wageukie katani na nguo.

Na vitambaa vya kufuma kwa kroshia, tunajua hatutawashinda. Kila Mkenya anavipenda, juu ya kiti, juu ya meza, juu ya redio. Tunaomba mawili tu: visifunike kitu chenye stima kinachopata moto, na visizidi vile unavyoweza kufua kwa siku moja. Vitambaa sita vyeupe vinapendeza kuliko ishirini vya rangi ya vumbi.

Mwenzetu sasa

Yule mwenzetu alirudi kwenye chumba kile kile, baada ya mwenye nyumba kubadilisha mabati mawili. Safari hii hakutuachia tupambe. Alichora duara lake mwenyewe, akasogeza jiko mlangoni, akapaka nyeupe ukuta mmoja tu. Ana zulia la duara lenye ukanda mwekundu katikati, uliotoka kwa sweta ya shule ya mtoto iliyoungua mikono. Pazia lake ni leso. Juu ya kitanda hakuna kitu ila paa. Mwezi uliopita tulikutana kwake, tukakaa kumi na mmoja, wengine mlangoni, na hakuona haya.

Maswali ya kujadiliana

Je, ni nani katika kikundi chetu ana mtoto anayekodi chumba, na ni lini mara ya mwisho tulikiona kwa macho?

Wakati wa kulala, jiko liko wapi katika kila nyumba ya wanachama? Jibu kwa ukweli.

Kuna jambo gani ambalo kikundi chetu kiliwahi kufundisha na likaleta hasara? Tulimwambia nini aliyepata hasara?

Kwa mkutano ujao, kila mmoja alete fulana mbili za pamba zilizofuliwa, mkasi kama anao, na sindano ya magunia. Chaki tutaleta sisi.